Mafunzo ya wasanifu majengo yaanzie kwenye udongo wetu

Mhariri,

Msanifu majengo nchini Kenya haruhusiwi kutundika cheti ukutani akakisahau. Sheria inayomsajili ni Sura ya 525 ya Sheria za Kenya, na bodi iliyoundwa chini ya sheria hiyo, BORAQS, humtaka ahuishe leseni yake kila mwaka na aonyeshe kwamba ameendelea kusoma. Utaratibu huo ni mzuri na hatuupingi. Tunachotaka kijadiliwe ni kilichomo ndani ya saa hizo za masomo: nani anafundisha, anafundishia wapi, na msanifu wa Kisumu, Kakamega, Busia au Kisii anatoka pale akijua nini ambacho hakukijua alipoingia.

Mihadhara mingi ya masomo endelevu ina sura moja. Ni ukumbi wa hoteli, picha kwenye skrini, mada pana kuhusu miji ya siku zijazo au uongozi wa ofisi, nusu saa ya kampuni inayouza rangi au vigae, chai, kisha sahihi kwenye karatasi. Pointi za kuhuisha leseni zimepatikana, lakini mchoro uliokuwa mezani kabla ya mhadhara ndio unaoendelea kuchorwa vilevile baada yake. Sisi tunapima kwa hilo. Mhadhara ambao haukumfanya msanifu afute hata mstari mmoja na kuuchora upya haukumfundisha, hata kama msemaji alikuwa hodari.

Magharibi mwa Kenya kuna mambo ambayo hayafundishiki vizuri ukiwa Nairobi, maana yako hapa: udongo wa Kano, jua la ikweta, upepo wa ziwa, mvua za alasiri na mchwa. Msanifu wa huku akiyajua haya kwa vipimo, nyumba zitasimama na watu watalala vizuri. Asipoyajua, hakuna programu ya kompyuta itakayomwokoa.

Tuanze na udongo, kwa kuwa nyufa huanzia huko. Nyanda za Kano, kuanzia Nyamasaria kuelekea Ahero, pamoja na sehemu za chini za jiji la Kisumu, zina udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukinywa maji na kusinyaa ukikauka. Kiangazi cha Januari na Februari fundi huchimba mtaro wa futi tatu, hukuta udongo mkavu mgumu, huridhika, na msingi humwagwa. Masika yakifika, udongo ulio ukingoni mwa nyumba hulowa kwanza na kuinua kuta za nje, huku ule ulio chini ya katikati ya sakafu ukiwa bado mkavu. Miezi ikipita, unyevu husafiri polepole hadi katikati na kubaki huko, kwa sababu sakafu inauzuia kukauka, na sasa katikati ndiko kunakoinuka. Ndiyo maana ufa hutoka kwenye kona ya dirisha ukapanda kwa mshazari, hufunguka msimu mmoja na kujibana msimu mwingine, na hakuna plasta itakayouponya.

Kipimo cha kwanza cha udongo huu hakihitaji maabara kubwa, na kinaweza kufanywa na darasa lolote la wasanifu. Udongo hukaushwa, husagwa, na kuchekechwa kwa chekecheo la maikroni 425. Hupimwa gramu 10 mara mbili. Kila fungu huwekwa kwenye silinda ya kioo ya mililita 100; moja hujazwa maji yaliyokenekwa, nyingine mafuta ya taa. Hukorogwa taratibu ili viputo vitoke, kisha huachwa saa 24. Mafuta ya taa hayavimbishi udongo, kwa hiyo ile silinda ndiyo ya kulinganishia. Udongo ukifika alama ya 22 ndani ya maji na alama ya 10 ndani ya mafuta, tofauti ni 12. Ukigawa kwa ile 10 ya mafuta na kuzidisha kwa 100 unapata uvimbe wa asilimia 120. Chini ya 50 hatari ni ndogo. Kati ya 50 na 100 mhandisi aitwe kabla mchoro haujaendelea. Ikipita 100, msingi wa kawaida wa mtaro usichorwe kabisa. Kipimo hiki hakichukui nafasi ya ripoti kamili ya udongo; kazi yake ni kumpa msanifu sababu ya kumwambia mteja kwa nini ripoti hiyo ilipiwe sasa, kabla ya ujenzi.

Kosa linalorudiwa sana ni la kuchimba mita moja ya udongo mweusi, kujaza mawe matupu, na kujenga juu yake. Shimo hilo sasa ni beseni. Maji ya mvua hupenya katikati ya mawe na kutulia chini, na udongo mweusi uliobaki chini na pembeni huendelea kuyanywa muda wote. Ujazo unaofaa ni moramu (udongo wa changarawe) isiyovimba, yenye chembe ndogo na kubwa, inayoshindiliwa kwa matabaka ya milimita 150, kila tabaka likiwa na unyevu wake sahihi na likipimwa kabla ya jingine kuwekwa. Tabaka jeusi likiwa jembamba, liondolewe lote hadi kwenye udongo imara. Likiwa nene, kuna njia mbili ambazo mhandisi wa miundo atachagua: msingi wa bamba moja la zege lenye mbavu chini yake, unaoinuka na kushuka kwa pamoja, au nguzo fupi zinazopita eneo linalobadilika unyevu, zikibeba boriti za chini zilizoachiwa nafasi ya milimita 75 hadi 100 ili udongo uvimbe bila kuzigusa. Nafasi hiyo hupotea mara nyingi kwa sababu fundi humwaga zege moja kwa moja juu ya udongo. Mchoro usipoionyesha kwa kipimo na kwa maelezo, haitakuwepo.

Halafu kuna yale ambayo msanifu huyaona madogo. Njia ya zege kuzunguka nyumba iwe na upana usiopungua mita 1.2 na iteremke kutoka ukutani kwa 1 kwa 40. Mifereji ya paa isimwage maji mguuni mwa ukuta. Mabomba yanayopita chini ya sakafu yawe na viungio vinavyokubali kujipinda, maana bomba lililopasuka chini ya nyumba hulisha udongo maji mwaka mzima, hata kiangazi. Shimo la kunyonya maji taka lisiwe karibu na msingi. Na kwenye udongo huu halinyonyi vizuri hata likiwa mbali, kwa hiyo jaribio la unyonyaji lifanywe kabla ya kulichora. Mkaratusi upandwe umbali usiopungua urefu utakaoufikia ukikomaa.

Mada hii haitoshi kwa mhadhara mmoja, na hapa ndipo pendekezo letu la kwanza lilipo. Somo lifanyiwe shimoni. Lichimbwe shimo la mita 2.5 kwenye kiwanja ambacho mwenyewe amekubali, kingo zikiwa zimezuiwa kwa mbao na ngazi ikiwepo, maana shimo la kina hicho likiporomoka linaua. Wasanifu washuke wawili wawili na fomu mkononi: kina cha kila tabaka, rangi, unyevu, mizizi, upana wa nyufa. Sampuli zichukuliwe na kukaushwa, kipimo cha silinda kianzishwe, na majibu yasomwe saa 24 baadaye. Somo hilo lifanywe Februari udongo ukiwa umekauka, kisha lirudiwe Mei hatua chache kutoka palepale, udongo ukiwa umeshiba. Aliyeona hali zote mbili kwa macho yake hatachora tena mtaro wa futi tatu kwa mazoea.

Wala tusidhani kwamba somo la Kano linatosha eneo zima. Ukipanda kuelekea vilima vya Riat unakutana na mawe makubwa yaliyojificha ndani ya udongo mwepesi. Kosa la huko ni kuegemeza upande mmoja wa nyumba kwenye jiwe na upande mwingine kwenye udongo: ule wa jiwe hautatikisika, wa udongo utashuka, na nyumba itapasuka katikati. Wenzetu wa Nakuru nao wana yao. Udongo wao wa majivu ya volkano unaweza kubeba mzigo ukiwa mkavu na kuporomoka ukilowa, mvua kubwa hufungua mipasuko ardhini maeneo ya magharibi mwa mji, na wako ndani ya Bonde la Ufa ambako tetemeko la Subukia la Januari 1928 lilikuwa na ukubwa wa karibu 6.9. Vyuma vya kufunga kona na viungio, ambavyo huku mtu anaweza kuviona vya ziada, huko ni vya lazima. Mfundishaji anayezunguka miji yote na picha zilezile anamnyima kila mmoja kilicho chake.

Mada ya pili ni jua na upepo. Wasanifu wengi walisoma chuoni kwa vitabu vilivyoandikwa kwa nchi ambazo jua liko upande wa kusini mwaka mzima. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta. Juni jua la mchana liko kaskazini kwa nyuzi 23 na nusu kutoka utosini, Desemba liko kusini kwa kiasi hichohicho, na Machi na Septemba liko juu ya kichwa. Dirisha la kaskazini au kusini lenye urefu wa mita 1.5 hupata kivuli kamili cha mchana kwa upenu wa sentimita 65 tu. Ukitaka kivuli hicho kianze saa tatu asubuhi na kidumu hadi saa tisa alasiri kwa saa ya jua, upenu uwe sentimita 92. Hesabu yenyewe ni ya dakika tano kwa kikokotoo.

Tatizo liko magharibi. Jua linapokuwa limebakiza saa mbili kuzama, liko nyuzi 30 tu juu ya upeo. Kulikinga dirisha lilelile la mita 1.5 kwa upenu kunahitaji upenu wa mita 2.6, jambo ambalo hakuna mteja atakayelilipia. Na tusisahau kwamba saa zetu za ukutani hazilingani na jua: saa ya Afrika Mashariki hufuata nyuzi 45 mashariki, Kisumu iko kwenye karibu 34.75, kwa hiyo jua hufika kileleni kama dakika 40 baada ya saa sita, zikipungua au kuzidi kidogo kulingana na mwezi. Joto kali la magharibi huendelea kuingia ofisini hadi wafanyakazi wanapotoka, na madarasa ya jioni huanza chumba kikiwa bado kinatoa joto lililohifadhiwa ukutani.

Ugumu wa Kisumu, na ndiyo sababu mada hii inastahili siku nzima, ni kwamba upepo mzuri wa alasiri hutoka ziwani, yaani magharibi na kusini magharibi, upande uleule wa jua baya. Ukifunga ukuta wa magharibi umeshinda jua na kupoteza upepo. Wengine huweka mapezi, yaani mabamba membamba ya zege, yaliyosimama wima na kunyooka mbele ya dirisha. Hayo hayasaidii Machi wala Septemba, kwa kuwa jua hushuka magharibi kamili na kupita katikati yake bila kuguswa. Yakigeuzwa nyuzi 45 kuelekea kusini, yanakata jua na bado yanauachia upepo wa kusini magharibi njia. Ukuta wa matofali yenye matundu mbele ya veranda hufanya kazi hiyohiyo kwa gharama ndogo zaidi. Upande wa pili wa chumba lazima uwe na tundu la kutolea hewa lisilo dogo kuliko la kuingizia, vinginevyo upepo hugonga ukuta na kurudi. Usiku upepo hugeuka na kushuka kutoka upande wa milima ya Nandi, kwa hiyo chumba cha kulala kinahitaji kupumua kwa pande zote mbili.

Wavu wa mbu hauwezi kuachwa, kwa sababu malaria ipo, na wadudu wa ziwani huja kwa makundi. Lakini wavu unaweza kupunguza hewa hata kwa nusu, na michoro mingi haijaongeza ukubwa wa tundu kufidia hilo. Mabati nayo hupata moto mkali. Dari isiyo na matundu ya hewa kwenye upenu na juu ya paa hugeuza nafasi ile kuwa chanzo cha joto kinachowaka juu ya vichwa vya watu hadi usiku. Kwenye somo hili kila msanifu aje na mchoro wake wa jengo linalojengwa sasa, akae na penseli, akokotoe kivuli cha kila dirisha la magharibi mbele ya wenzake. Mhadhara wa maneno uchukue dakika 30, kazi ya mikono ichukue saa mbili na nusu.

Mvua tunaweza kuipitia kwa kifupi. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya ngurumo ikinyesha kwa kasi ya milimita 100 kwa saa, paa la mita 100 za mraba humwaga lita 10,000 kwa saa, karibu lita 2.8 kila sekunde. Mfereji uliochaguliwa kwa macho dukani hufurika, na maji yale hurudi kwenye udongo tuliokwisha kuueleza. Walio karibu na ziwa wakumbuke kwamba 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda hadi kiwango ambacho wengi hawakuwahi kukiona. Kimo cha sakafu kipimwe kutoka alama ya mpimaji ardhi, wala si kutoka barabarani. Radi nayo ni nyingi kuanzia Kisii hadi Kakamega, na shule ikichorwa bila kinga ya radi yenye waya wa ardhini uliopimwa ukinzani, kwa kawaida chini ya omu 10, hilo ni kosa la kitaaluma.

Zege lina somo lake, na somo hilo lifanyiwe kwenye maabara ya vifaa, ambazo vyuo vya ufundi na uhandisi vya huku vinazo. Msanifu hutia sahihi hatua za malipo akiegemea vyeti vya vipimo ambavyo hakufundishwa kuvisoma. Mchemraba wa zege unaovunjwa kupima nguvu kwa kawaida una milimita 150 kila upande. Zege lililoshindiliwa vizuri lina uzito wa karibu kilo 2,400 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo mchemraba mmoja unapaswa kukaribia kilo 8.1. Ukipewa cheti kinachoonyesha nguvu nzuri kwa mchemraba wa kilo 7.4, uliza maswali. Siku ya 7 nguvu huwa karibu theluthi mbili ya ile ya siku ya 28. Cheti cha siku ya 7 chenye nguvu kuliko cha siku ya 28 kutoka mmwago uleule hakiwezi kuaminika. Cheti lazima kitaje sehemu ya jengo, tarehe ya kumwaga na tarehe ya kuvunja. Kisichotaja sehemu ya jengo hakithibitishi chochote.

Kwenye somo hilohilo wamwage michanganyiko miwili ya saruji 1 kwa mchanga 1.5 kwa kokoto 3. Mmoja utiwe lita 25 za maji kwa mfuko wa kilo 50, zikihesabiwa pamoja na maji yaliyomo kwenye mchanga, na mwingine lita 35, kama mafundi wanavyopenda ili zege litiririke. Baada ya siku 28 darasa lirudi kuvunja mchemraba wa kila mmoja. Tofauti wataisoma kwenye mashine wenyewe, na kuanzia siku hiyo watasimama kidete mbele ya mwanakandarasi anayeshika mpira wa maji.

Njia za watu wenye ulemavu ni mada ambayo wengi wetu tunaiona tunaijua. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa kiwango kinachofaa. Mteremko wa kiti cha magurudumu usizidi 1 kwa 12. Sakafu iliyoinuliwa milimita 450 kukwepa mafuriko, kama inavyopasa huku, inahitaji mteremko wa mita 5.4, na ukiongeza sehemu tambarare ya mita 1.5 juu na chini unafika mita 8.4. Kwenye kiwanja cha futi 50 kwa 100 urefu huo haupatikani mwishoni. Lazima upangwe siku ya kwanza ya mchoro. Usipopangwa, fundi hubandika mteremko wa 1 kwa 5 mlangoni ambao mtu akipanda peke yake kwa kiti anaweza kuanguka chali. Mfundishaji wa somo hili awe mtu anayetumia kiti cha magurudumu na alipwe ada ya mhadhiri sawa na mhandisi. Kila msanifu apande mteremko wa jengo la umma akiwa amekaa kitini. Baada ya hapo hatahitaji kukumbushwa.

Sheria zipewe nusu siku moja moja, si zaidi. Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za 2024 zimechukua nafasi ya zile za 1968, na ofisi nyingi bado zinanakili maelezo ya zamani kwenye michoro mipya. Somo hilo halina maana bila maafisa wa kaunti wanaopitisha michoro kuwepo chumba kimoja na wanaoichora, kila upande ukiwa na kitabu kilekile mkononi. Michoro mingi hukwama kwa sababu pande hizo mbili zinasoma kifungu kimoja kwa namna mbili, na mteja ndiye anayelipa gharama ya kusubiri.

Sasa namna ya kuendesha. Darasa lisizidi watu 25. Sahihi ziwe mbili, ya kuingia na ya kutoka. Mwisho kuwe na maswali 10 ya kuandika, na anayepata chini ya 6 arudie bila kutozwa tena. Ada ya shilingi 1,500 kwa kila mtu hutoa 37,500. Tukikadiria usafiri na ada ya mhadhiri kuwa 10,000, ukumbi wa chuo 5,000, chai na mandazi 7,500, wachimbaji 4,000 na vifaa vya vipimo 3,000, jumla ni 29,500. Zinazobaki 8,000 zilipe mtu wa kuandika kwa ufasaha yaliyofundishwa na kuchora michoro yake upya, ili asiyehudhuria ayapate. Msanifu wa Bondo au Mbale ya Vihiga akihudhuria Kisumu, anarudi kwake jioni ileile bila gharama ya kulala. Akiitwa Nairobi, ana kilomita 350 au zaidi za barabara kwenda na nyingine kama hizo kurudi, pamoja na usiku wa hoteli. Masomo ya mtandaoni yanafaa kwa sheria na mikataba. Kwa udongo na zege hayafai.

Kampuni zinazouza bidhaa zisifukuzwe. Zije na sampuli na cheti cha vipimo, zipewe meza nje ya ukumbi, na swali lolote la kiufundi zilijibu kwa maandishi. Jukwaa si lao.

Jambo litakalopingwa na baadhi ya wenzetu ni hili: tunataka wachoraji wasiosajiliwa, wanagenzi na mafundi wakuu waruhusiwe kukaa humo. Hoja ya kuwakataa ni kwamba kuwaalika ni kuwahalalisha. Sisi tunaona tofauti. Nyumba nyingi za vijijini na mitaani huku hazipiti mezani kwa msanifu aliyesajiliwa, na watoto wanaolala ndani yake wanastahili msingi usiopasuka. Pointi zibaki za waliosajiliwa, maarifa yawe ya kila anayeshika kazi. Vipindi vya shimoni na vya zege vifundishwe kwa Kiswahili, kwa kuwa fundi ndiye atakayeacha au kuziba ile nafasi ya milimita 75.

Tunaiomba BORAQS na Chama cha Wasanifu Majengo cha Kenya, AAK, zikubali vipindi vya aina hii kuhesabiwa sawa na mihadhara ya ukumbini, na saa za kazi ya mikono zipewe uzito zaidi. Kwa serikali za kaunti tuna ombi moja. Ripoti za udongo huwasilishwa pamoja na michoro ya miundo na kubaki kwenye makabati. Kaunti iondoe majina ya wenye viwanja, iache mahali, kina cha kila tabaka na matokeo ya vipimo, kisha iziweke kwenye ramani moja ambayo msanifu yeyote anaweza kuifungua. Ianze na kata za Kolwa na Nyalenda, ambako ujenzi unakwenda kasi na udongo ni huohuo mweusi. Darasa la Februari linaweza kuleta matokeo yake ya kwanza kwenye ramani hiyo.

Wasanifu majengo,
Kisumu